Imani Hujulikana kwa Nini: Maneno Yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya imani ya Kikristo na dalili zake, baada ya kusomwa hesabu za mwaka na kabla ya mashauri kuanza. Twaona ya kuwa nafasi hii imechaguliwa kwa akili. Mtu aliyesikia jina lake likisomwa katika orodha ya wanaodaiwa ana masikio mepesi kuliko kawaida yake. Na yule ambaye jina lake halikusomwa ana hatari ya namna nyingine, nayo ni kujiona. Basi wote wawili wamo humu ndani, nasi twasema nao wote wawili.

Twajua kwamba wamo katika Chama chetu wachache wasiokuwa Wakristo, na ya kwamba tunakaa katika mji ambao majirani zetu wengi ni Waislamu. Hatusemi haya kwa kuwapita. Kila mmoja wetu aliyekaa Mombasa miaka kadha wa kadha amepata kumwona jirani anayekwenda kuhiji Makka akizunguka nyumba kwa nyumba kabla ya safari, akilipa madeni yake na kuwataka watu radhi, hata wale ambao hakumbuki kama aliwakosea. Twaweza kujifunza kwa jirani huyo bila ya kuacha dini yetu. Sisi hujikumbusha kutakana radhi tukisimama penye jeneza, na hapo mmoja katika wawili hana masikio tena.

Somo letu hatukulitafuta mbali. Limo katika Injili ya Luka, sura ya kumi na saba, na twawasihi wanachama wakaisome nyumbani tangu mwanzo hata aya ya kumi na tisa kwa mfuatano, maana kanisani husomwa vipande vipande, na kipande kikikatwa peke yake hupoteza jamaa zake. Kwanza Bwana anasema juu ya kumsamehe ndugu. Hapo hapo mitume wanaomba waongezewe imani. Kisha unakuja mfano wa mtumwa aliyetoka shambani, ambao ni mfano wa unyenyekevu. Kisha wanakuja wale wakoma kumi, ambao mmoja tu alirudi kushukuru, naye ndiye aliyeambiwa kuwa imani yake imemwokoa. Kusamehe, kunyenyekea, kushukuru. Na imani imetajwa mwanzo na imetajwa mwisho. Luka hakuziweka habari hizi pamoja kwa bahati tu. Hayo ndiyo maoni yetu, na mwenye maoni mengine atatuambia wakati wa chai.

Angalieni mitume waliomba imani wakati gani. Hawakuiomba walipotumwa kuponya wagonjwa, wala walipoambiwa wawalishe watu elfu tano. Waliiomba walipoambiwa ya kuwa ndugu akikosa mara saba kwa siku moja, na mara saba akarudi akisema ametubu, asamehewe. Wanaume wale wazima, wengine wao wavuvi waliozoea bahari na usiku, waliona kwamba kazi hiyo imewashinda, wakaomba msaada. Na jibu walilopewa si la kuwaongezea. Waliambiwa kwamba imani kiasi cha punje ya haradali yatosha. Tafsiri yake, kwa kadiri tuonavyo, ni kwamba aliye na imani kidogo hana udhuru wa kungojea mpaka iwe kubwa ndipo asamehe.

Lakini kabla ya neno la kusamehe liko neno jingine, na hilo watu wengi wa vyama hulipita upesi: ndugu akikosa, mkemee. Hakusema mnyamazie. Hakusema umseme kwa wengine barazani, naye akipita mgeuze mazungumzo kuwa ya mvua. Kukemea ni kumwambia mtu kosa lake, yeye mwenyewe, kwa maneno anayoweza kuyajibu. Sisi Waafrika tunapenda kujisifu kwamba tuna adabu, na ni kweli tunayo, lakini mara nyingine twaita adabu kile ambacho ni woga. Twamcha mtu usoni kisha twamla nyama kisogoni. Kosa lisilosemwa haliwezi kusamehewa. Hufichwa tu, kama takataka chini ya mkeka, na kila anayeketi juu ya mkeka huo hukaa upande.

Sasa tutaje jambo ambalo kila mmoja humu ndani analifikiri. Miaka minne iliyopita mwanachama mwenzetu alifiwa, naye ni mama mjane aliyeko hapa leo. Michango ya mazishi ikakusanywa katika tawi moja, na aliyekabidhiwa kuikusanya hakuifikisha. Maiti ilikaa chumba cha maiti siku nyingi kuliko ilivyopasa, na jamaa wakakopa kwa riba ili kumfikisha marehemu kwao bara. Aliyekusanya akaacha kuja mikutanoni. Jina lake halikuandikwa katika kitabu hiki cha ripoti, wala hatutalitaja, ingawa mnalijua. Mwaka huu ameandika barua kwa Karani, akikiri, akituma theluthi moja ya fedha zile, na akiomba arudishwe kuwa mwanachama. Barua hiyo ni shauri la nane katika mashauri ya leo, na tumesikia ya kuwa wanachama wamegawanyika makundi mawili, na ya kwamba makundi hayo yamekwisha kuhesabiana kura.

Kundi la kwanza lasema: huyu asirudi, maana akirudi kila mtu ataona kwamba fedha za wafu zaweza kuliwa. Kundi la pili lasema: sisi ni Wakristo, tusamehe, tusahau, tusiulize tena. Kwa heshima yote, twaona kwamba makundi yote mawili yametamka neno kusamehe bila kulitazama vizuri.

Na tulitazame basi kwa hesabu, kwa kuwa leo ni siku ya hesabu. Katika Mathayo sura ya kumi na nane uko mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Hayo twayaona katika mfano wa wale waliofanya kazi katika shamba la mizabibu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi talanta 10,000 ni ujira wa siku 60,000,000. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, bila kula na bila kulipa kodi ya nyumba, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza deni lile. Mtumwa yule alipopiga magoti akaahidi kwamba atalipa yote, alikuwa akisema upuuzi, na mfalme alijua ni upuuzi, akamwachia. Yule mwenzake alidaiwa dinari 100, yaani ujira wa siku mia, miezi minne hivi kwa siku za kazi. Hilo si deni dogo! Wahubiri wengi husema lilikuwa deni la bure, nao hukosea. Ujira wa miezi minne ni fedha nyingi kwa kibarua yeyote, zamani na sasa. Mfano hausemi kwamba kosa la mwenzetu ni dogo. Wasema kwamba ni kubwa kweli, lakini la kwetu liliachwa likiwa kubwa mara laki sita.

Hapo ndipo penye dalili ya imani. Mtu anayeamini kwa kweli kwamba amesamehewa deni lisilolipika hawezi kumkaba koo mwenzake. Akimkaba, basi lile la kwanza hakuliamini, alilisikia tu. Ndiyo maana Bwana hakuweka kusamehe kuwa pambo la mtu mwema, bali alikuweka katika sala ambayo tunaisema kila Jumapili, tukijifunga wenyewe kwa midomo yetu.

Walakini kusamehe si kufuta daftari kwa macho yaliyofungwa. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakungoja kuulizwa. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na nusu ya mali yake kuwapa maskini. Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa aliyemtoroka, alimwombea apokelewe kama ndugu mpenzi. Lakini hakusema kwamba hapakuwa na hasara. Alisema kwamba kama liko deni, liandikwe juu yake yeye Paulo, na akathibitisha kwa mkono wake mwenyewe. Barua ile ni fupi kuliko ripoti yetu ya mwaka, nayo ina mafundisho ya Mweka Hazina na ya mchungaji pamoja. Tazameni kwamba Paulo hakumwamuru Filemoni, ingawa asema angeweza. Msamaha ulioamriwa si msamaha.

Na hapa twafika kwenye neno ambalo tumelifikiri kwa muda mrefu. Ni nani mwenye haki ya kusamehe? Chama kimepotelewa na heshima, na heshima yake chaweza kuisamehe kwa kura. Lakini siku zile za chumba cha maiti hazikuwa siku za Chama. Mkopo ule wa riba haukulipwa na Halmashauri. Sisi hatuwezi kupiga kura ya kusamehe machozi ya mtu mwingine, kama tusivyoweza kuuza ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo tulikwenda kwa mama yetu mjane, pamoja na wake wawili wa wazee, tukamwuliza, naye ametupa ruhusa kuyasema aliyojibu. Alisema ya kwamba alikwisha kumsamehe mwaka wa pili, kabla ya barua, kwa sababu uchungu ulikuwa ukimzuia kusali. Alisema fedha anazitaka, maana deni lile alilipa kwa kuuza cherehani yake. Na alisema hataki mtu yeyote amwambie kwamba asitaje jambo hili tena; atalitaja akipenda; lakini mtu huyo akija nyumbani kwake atampa maji ya kunywa.

Tumekaa katika mikutano mingi, na tumesikia mahubiri mengi juu ya kusamehe. Hatukumbuki kusikia lililo wazi kuliko hilo.

Wazee wetu wanaokumbuka habari za Uamsho watasema kwamba haya si mageni. Uamsho ule wa Afrika ya Mashariki ulianza katika nchi za Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Dr. Joe Church, mganga Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Hospitali ya Gahini ilikuwa na magomvi mengi kati ya wafanyakazi. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkubwa wa wasaidizi pale, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza taabu zote za hospitali. Na Nsibambi akamjibu kwamba shida imo katika moyo wake yeye Kinuka. Hilo ni jibu la kumwudhi mtu aliyesafiri mbali kushitaki wenzake. Lakini Kinuka alirudi amegeuka, akakiri makosa yake mbele ya wale wale aliokuwa akigombana nao, na kuanzia hapo kazi ikabadilika. Mwaka 1937 ujumbe wa Uamsho ulifika Kabete katika nchi yetu, na toka huko ukaenea.

Watu walicheka sana nyakati zile, na wengine walikasirika, walipoona ndugu wa Uamsho wakirudisha vitu walivyoiba: shilingi za tajiri, vyombo vya shule, hata mifugo. Wengine walizidisha, na kulikuwa na kukiri hadharani mambo ambayo yangefaa kusemwa faraghani. Hilo si siri. Lakini kiini chake kilikuwa sahihi. Hawakusema tu ya kwamba wameokoka, walirudisha. Na mzungu wa misheni naye aliinama akamwomba radhi Mwafrika aliyekuwa akimdharau, jambo ambalo katika nchi ya ukoloni lilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Wengi wa ndugu hao katika Mkoa wa Kati walikataa kula kiapo, na kadhalika walikataa kushika bunduki za serikali kuwaua ndugu zao. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Pale Murang'a lilijengwa kanisa la ukumbusho wao, na mchoraji Elimo Njau, Mchagga wa Kilimanjaro, alichora kutani picha kubwa za maisha ya Bwana Yesu katika nchi ya Wagikuyu: kuzaliwa kwake ni huko, na kusulubiwa kwake ni huko. Mwanachama yeyote apitaye njia ya Murang'a aingie akatazame. Twaona hakuna mahubiri juu ya somo hili yaliyoandikwa katika nchi yetu yanayozidi kuta zile.

Lakini tusiseme nusu. Watu wengi waliteswa na serikali katika kambi za kizuizini, nao waliambiwa kwa miaka mingi kwamba wasamehe na wasahau kabla hapajakuwa na mtu wa kukiri kwamba wametendewa ubaya. Ilikuwa tarehe 6 Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza iliposema katika Bunge lake kwamba inajutia mateso yale, na ikakubali kutoa pauni 19,900,000 kwa ajili ya Wakenya 5,228 waliodai pamoja na gharama za kesi. Mwaka 2015 ukumbusho ukafunguliwa Uhuru Park, Nairobi. Wako wanaosema kwamba neno kujuta si neno kuomba radhi, na twadhani wana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo wazee waliosafiri mbali kwa gongo zao kulisikia neno lile hawakwenda kwa ajili ya fedha peke yake. Walitaka lisemwe. Aliyeteswa anaweza kusamehe mbele ya Mungu bila kukiri kwa mtesaji. Lakini kupatana hakuwezi kuwa kwa mtu mmoja. Proverbu ya pwani yasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Haisemi walipatana vipi, wala nani alianza.

Mfano wa mwisho katika hili ni wa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, naye alikuwa mtu wa Uamsho. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akakimbia na mkewe usiku kupita milimani hata Rwanda. Alipokuwa London Ijumaa Kuu ya mwaka ule, moyo wake ukiwa umejaa uchungu, aliona kwamba hawezi kumtoa Amin katika sala ya Bwana aliyewaombea waliomsulubisha. Akaandika kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa, na wakimbizi wengine walikasirika. Lakini Kivengere hakuacha hata siku moja kusema hadharani juu ya mauaji, wala kuwasaidia waliokimbia. Alimsamehe mtu, akashitaki matendo yake. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 alirudi kwao kuendelea na kazi, mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1988.

Tuje kwa unyenyekevu, na hapo hatutakaa sana, maana kusema sana juu ya unyenyekevu ni kuupoteza. Yule mtumwa katika Luka ametoka kulima, amechoka, jua limemchoma, na bado anajifunga kumwandalia bwana wake chakula. Naye hasemi ila kwamba ametenda yaliyompasa. Mfano huu hauwapendezi watu wa sasa, nasi hatuupunguzi ukali wake. Ila tukumbuke kwamba aliyeutoa ndiye yule aliyejifunga kitambaa usiku wa mwisho akawaosha wanafunzi miguu, na Petro akakataa kwa kuona haya. Katika nyumba za Wayahudi kazi ile ilikuwa ya mtumishi wa chini.

Basi tutazame mazishi yetu. Pana viti vya mbele, vyenye mito, chini ya turubai, na pana watu wanaokuja wamechelewa ili waonekane wakipelekwa kwenye viti hivyo. Pana mchango unaotolewa kwa kipaza sauti, jina la mtoaji likasemwa mara tatu. Na pana akina mama nyuma ya nyumba, penye moshi, wakiwa wamekesha siku mbili kupika, ambao majina yao hayasemwi hata mara moja. Twawaomba Wazee wetu wasione tumewavunjia heshima. Heshima ya mzee si kiti. Tuliwaona wazee wa zamani wakila mwisho, baada ya watoto na wageni, na hakuna aliyewasahau kuwa ni wazee. Vilevile yeye atakayeketi leo kumhukumu mwenzake juu ya fedha na ajiulize kama amewahi kukabidhiwa fedha nyingi akiwa na njaa. Hatumtetei aliyekosa. Twasema tu kwamba wengi wetu hatukuiba kwa sababu hatukupewa funguo.

Ama kushukuru, wakoma walikuwa kumi. Wote walilia pamoja, wote walitii, wote walitakaswa njiani. Aliyerudi alikuwa Msamaria, yaani mtu ambaye wenzake tisa wasingekubali kula naye kama ugonjwa usingaliwaunganisha. Jambo hili latuhusu sisi tunaokaa ugenini. Taabu hutukusanya: mtu wa bonde na mtu wa mlima, mwenye kazi bandarini na mwenye kuuza mboga. Taabu ikiisha kila mmoja hurudi kwa watu wake. Mweka Hazina ametusomea leo idadi ya waliosaidiwa, naye kwa upole wake hakusoma ni wangapi kati yao waliohudhuria msiba wa mwingine baada ya msiba wao. Twaliacha hapo. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakusomewa Injili.

Tena iko hatari ya upande wa pili. Anayesaidia aweza kumdai shukrani mwenzake mpaka msaada ule ukawa kamba shingoni. Tumewasikia watu wakimkumbusha yatima wa mwanachama, mbele ya wenziwe shuleni, kwamba ada yake ilitolewa na Chama. Hiyo si kazi ya Mkristo. Bwana aliuliza wako wapi wale tisa, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Ndugu zetu wa Kanisa Katoliki huita karamu ya Bwana Ekaristi, na neno hilo katika Kiyunani maana yake ni shukrani. Usiku ule ule aliosalitiwa, hali anamjua msaliti na yuko mezani, alitwaa mkate akashukuru. Hakungoja mambo yatengenee. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba atashukuru Mungu akipata kazi, au mwanawe akipita mtihani.

Na leo sisi tunayo ya kushukuru. Misiba yote iliyotufika mwaka huu ilihudumiwa, na hakuna mwanachama aliyezikwa na manispaa. Akina mama wa jikoni hawakukosa hata mara moja. Hesabu zimekaguliwa na watu wawili wasio wa Halmashauri, desturi iliyoanzishwa baada ya msiba ule tuliousema; wala hatuoni haya kukiri kwamba desturi njema ilizaliwa na jambo baya.

Bwana Mwenyekiti, juu ya shauri la nane sisi hatukutumwa kuwapigia wanachama kura. Lakini kwa kuwa tumeulizwa na wengi, haya ndiyo maoni yetu. Barua isomwe yote, si nusu, na isomwe na Karani kwa sauti ya kawaida. Mwenyewe aitwe asikie kosa lake mbele ya watu wale wale waliochanga, na ajibu. Mama yetu mjane aseme kwanza, akipenda kusema, kabla ya mzee yeyote. Theluthi mbili zilizobaki ziandikwe pamoja na tarehe za kulipwa, na fedha zote zimfikie yeye mama, wala si sanduku la Chama, kwa kuwa ni zake. Akiisha kupokewa apewe haki zote za mwanachama, yeye na nyumba yake wakipatwa na msiba, tangu siku hiyo, bila kungojea deni liishe. Sanduku la fedha asipewe. Na hilo si kisasi, ni kumwondolea ndugu mzigo uliomwangusha. Wala wasimamizi wa tawi lake wasimwite kwa jina lile la mzaha alilobandikwa.

Yuko nje, chini ya mwembe, tangu saa mbili asubuhi. Watoto wamempelekea chai. Twamwomba Karani aongeze kiti kimoja, pale katikati, karibu na mlango.